Mama Spika na mtaa uliokataa kuhama

Saa mbili asubuhi, jua limeshachomoza na angani hakuna wingu hata la kutishia mtoto. Mama Spika anasukuma baiskeli yake kuteremka barabara ya vumbi inayoelekea mtoni. Spika ya bati imefungwa kwa mpira mbele ya usukani, na betri ya gari imekaa kwenye kapu la nyuma. Akifika kona ya kinyozi anasimama, anasafisha koo, anapeleka mkono kwenye kola ya gauni na kuwasha kipaza sauti.

"Jamani wa bondeni, hili ni zoezi. Narudia, ni zoezi, maji hayajaja. Fungeni nyumba zenu, chukueni mnachochukua siku zote, tukutane shule ya msingi pale juu."

Kinyozi anatoka mlangoni na mashine mkononi. Nyuma yake yuko mteja aliyenyolewa upande mmoja tu.

"Mama Spika, huyu nimfanyeje?"

"Apande hivyo hivyo. Mto haumsubiri mtu amalize kunyolewa."

Watu wanacheka, mteja naye anacheka, anajifunga taulo kichwani na kuanza kupanda mlima pamoja na wenzake. Akina mama wanatoka na mabegi yaliyofungwa tangu jana. Fundi mwashi, mzee wa masihara asiyeweza kukaa kimya hata akiugua, anapita amebeba kuku kwapani na kutangaza kuwa huyo ni mke mdogo, asiachwe nyuma.

Mama Spika anajibu utani kila mlango, maana ndiyo kazi yake. Lakini macho yake hayatulii. Kila mara yanateremka hadi mwisho wa barabara, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mto, yenye mlango wa rangi ya buluu ambao bado umefungwa. Hapo anakaa dada yake wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Mkubwa. Tangu mafuriko ya mwaka jana, Dada Mkubwa hajamwambia mdogo wake neno hata moja. Salamu akipewa, anaitikia kwa kichwa.

"Mtaa wote watahama, sina wasiwasi nao," anasema Mama Spika. Kabla ya kusema hivyo amekizima kipaza sauti, na baada ya kukizima amekitazama tena ahakikishe. "Mmoja tu ndiye simjui. Na huyo asipohama leo kwenye jua, siku ya maji atahama kweli?"

Mama Spika hakuanza na mafuriko. Alianza na magodoro. Marehemu mume wake alikuwa fundi redio, na ndiye aliyemfungia ile spika kwenye baiskeli baada ya kuona mkewe akiita mtoto nyumbani, watoto wa nyumba nne wanaitika. Mwenye duka la magodoro akamsikia, akampa kazi ya kupita mitaani akitangaza punguzo la bei. Baadaye wakaja wauza viatu, wenye kliniki ya meno, na msiba au harusi ikitokea familia humtafuta yeye.

"Sauti nilipewa bure, nikaona niifanyie kazi," anasema.

Kilichomtoa kwenye magodoro ni mvua. Ofisa wa maafa wa wilaya, kijana mrefu ambaye huvaa buti za mpira hata siku za jua kali, anaeleza kuwa mto huu zamani ulikuwa ukivunja kingo zake mara moja katika umri wa mtu, na wazee walikuwa wakihesabia miaka kwa mafuriko hayo. Sasa umezivunja mara mbili katika miaka minne. Joto la dunia limepanda, anasema, na mvua iliyokuwa ikigawanywa mwezi mzima siku hizi humwagwa kwa siku chache.

"Taifa limejipanga, nisije nikasema uongo," anasema ofisa huyo. "Kuna mitambo ya kupima mvua kule milimani, kuna watabiri wazuri, kuna ujumbe unaotumwa kwenye simu. Lakini ujumbe unatoka makao makuu unafika kwenye simu iliyopelekwa kuchajiwa kwa jirani. Au ipo kwa mtoto, anacheza gemu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tulihitaji mtu anayeaminiwa aubebe ujumbe hadi mlangoni."

Ndipo ofisi ikawakusanya watangazaji wa mitaani kutoka wilaya nzima, ikawapa mafunzo na kuwaandikia posho. Posho hiyo haimalizi wiki, na riziki ya Mama Spika bado inatoka kwenye magodoro. Kazi ya mafuriko anasema anaifanya kwa sababu amezaliwa bondeni, na kila anayemwita anamjua jina.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mara ya kwanza kutangaza hatari, alipiga muziki wake wa kawaida, akaita kwa madaha yake ya kawaida, na watu wakatoka mbio na mifuko ya kubebea bidhaa. Mama mmoja akamuuliza kama godoro la futi nne bado lipo. Mafuriko yalipokuja, watu walikuwa bado wanauliza bei, na usiku ule walilala shuleni wameloa.

"Nikajifunza. Siku ya hatari hakuna muziki. Na neno 'karibuni' nimelifuta kabisa, hilo ni la dukani," anasema.

Mara ya pili alitangaza bila muziki, kwa sauti nzito, na watu wakahama. Mvua ikageukia upande mwingine wa milima. Mto ukajaa hadi ukingoni, ukatulia, ukarudi chini. Watu wakashuka asubuhi na magodoro yao vichwani, wakakuta nyumba kavu. Baada ya hapo watoto walimpachika jina la Mama Mafuriko, na kila akipita na tangazo la viatu, kuna mtu dirishani humuuliza kama viatu hivyo vinaelea.

"Iliniuma. Nilitaka kuirudisha ile kazi," anakiri. Ofisa wa maafa alimwendea nyumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akamweleza kuwa utabiri ni kama kuvaa kofia ya pikipiki. Siku usipoanguka hujaivaa bure. Mama Spika akaendelea na kazi.

Mwaka jana, siku ya tatu ya mvua mfululizo, simu ya ofisi ikaja adhuhuri. Daraja la juu lilikuwa limefunikwa, maji yangefika bondeni kabla ya jua kuzama. Safari hiyo Mama Spika alikuwa na chombo kipya. Ofisi ilikuwa imewapa watangazaji vipaza sauti visivyo na waya, vidogo, vya kubana kwenye kola, ili mikono yote miwili ibaki kwenye baiskeli.

Alipita mtaa mzima akiita. Hakuna aliyetoka. Watu walisimama milangoni wakamsikiliza kwa adabu, halafu wakatazama chini ya barabara, kwenye ule mlango wa buluu. Moshi wa mkaa ulikuwa ukitoka dirishani. Dada Mkubwa alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kazi inayompa riziki, kama vile hakuna kitu.

Fundi mwashi ndiye aliyemwambia ukweli. "Shemeji, dada yako mwenyewe hajatikisika. Sisi tukimbie nini?"

Njia ya kuingia kwa Dada Mkubwa ilikuwa tope tupu, kwa hiyo Mama Spika aliiacha baiskeli barabarani, spika imeelekea mtaani, akaenda kwa miguu. Miaka yote alipokuwa na kipaza sauti cha waya, kuiacha baiskeli ilikuwa sawa na kuzima. Waya uliishia pale. Mkono wake haukuwa na mazoea ya kugusa kola. Akaingia ndani, mvua ikigonga bati juu ya vichwa vyao kiasi kwamba hawakusikia kitu cha nje.

Mtaa mzima ulisikia kilichofuata, na hadi leo kuna watu wanaoweza kukirudia neno kwa neno.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kama umeniletea hayo mafuriko yako, geuka ulikotoka."

"Safari hii ni kweli, dada. Daraja la juu halionekani."

"Na ile mara nyingine lilikuwa halionekani vilevile. Nguo za watu hizi nizipeleke wapi?"

"Nitazibeba mimi."

"Wewe tangu utoto ni wa kutangaza, kubeba hujui. Barua ya mchumba wangu wa kwanza, nani aliisoma uwanjani mbele ya watu?"

Huko nje watu waliokuwa chini ya mabati ya kinyozi walikuwa wakicheka hadi wanashikana mabega. Kinyozi anasema alidhani ni mbinu mpya ya tangazo.

Halafu Mama Spika akabadilisha sauti. Alimwambia dada yake kwamba watu wote wanamtazama yeye, kwamba nyumba itaondoka naye akiwa ndani, na kwamba baada ya mama yao kufariki hakubakiwa na mwingine. "Niambie kinachokuzuia. Nguo si sababu, nakujua."

Dada Mkubwa akaisimamisha pasi.

"Mdogo wangu, mimi mkojo haukai," akasema Dada Mkubwa. "Tangu uzazi wa mwisho. Nikicheka unatoka, nikikohoa unatoka. Ile mara ya kwanza tulipolala shuleni, darasa moja na wanaume wa mtaa wote, choo kiko ng'ambo ya uwanja, matope na giza. Sikunywa hata tone la maji. Nilikaa nimebana miguu mpaka kukapambazuka, na bado nililoa, nikasema ni mvua. Niliapa sirudi. Heri mto unikute kwangu na heshima yangu."

Waliokuwa wakicheka wakaacha. Kinyozi alikimbia kwenye tope bila viatu, akaingia bila kubisha hodi, akamwonyesha Mama Spika kola yake kwa kidole.

"Mama, hicho kitu kinasema."

Mama Spika anapofika hapa katika kusimulia huifuta baiskeli mahali ambapo hapana uchafu. "Dada aliniangalia mimi, akaiangalia ile kola, akarudi kwenye pasi yake. Angenipiga kofi ningeshukuru."

Ni fundi cherehani wa nyumba ya pili aliyevunja ule ukimya. Alitoka kwenye mvua na kifurushi chake kichwani, akasimama katikati ya barabara mbele ya ule mlango wa buluu, mwanamke mzito asiyependa maneno mengi.

"Dada Mkubwa," akasema, "hata mimi. Tangu mapacha."

Mwuza mkaa akatokea nyuma yake, akasema yeye ni tangu kifungua mimba. Mama mzee wa kona akasema yake ni ya uzee tu, lakini ni ile ile. Wakawa wanawake saba, wanane, wamesimama kwenye mvua wakisubiriana. Na fundi mwashi, ambaye hakuna aliyetegemea aseme la maana, akapaza sauti kwamba wanaume wote watalala darasa la mwisho kule mbali, lile la karibu na choo ni la akina mama, na atakayebisha alale na kuku wake.

Dada Mkubwa akaweka pasi pembeni. Akafunga nguo za wateja kwenye shuka, akatoka. Wanawake wakamweka katikati wakapanda naye mlima, na mtaa ulipomwona amepanda, mtaa nao ukapanda. Hakumtazama mdogo wake.

Maji yalifika jua likizama, kama ofisi ilivyosema. Yalizoa safu yote ya nyumba za mwisho, ile ya mlango wa buluu ikiwemo. Ng'ambo ya daraja, ambako hakukuwa na mtu wa kuwaita, mama mmoja na mwanawe walipatikana maji yaliposhuka. Kutoka mtaa wa Mama Spika hakukosekana mtu.

Alipongezwa. Alipewa cheti, na picha yake akiwa na baiskeli imebandikwa kwenye ofisi ya wilaya. Lakini ukimuuliza kuhusu cheti anaongelea mambo mengine.

"Wanasema nimeokoa mtaa. Sawa. Ila mimi nasikia bado sauti ya dada yangu ikitoka kwenye spika yangu. Hilo halina cheti."

Ofisa wa maafa anasema siku ile iliwafundisha jambo ambalo hakuna kikao kilichowahi kuliuliza. Walikuwa wakihesabu mahema, boti na mifuko ya mchanga. Walijua nani yuko hatarini na maji yatamfikia saa ngapi. "Hatukuwahi kumuuliza mtu anaogopa nini huko tunakompeleka," anasema. Aliandika taarifa, wakubwa wake wakaisoma, na sasa mwongozo wa kitaifa unataka kila kituo cha kuhamia kikaguliwe kwanza na wanawake watakaolala hapo. Pale shuleni vimejengwa vyoo vipya ubavuni mwa madarasa, vyenye taa na komeo la ndani.

Muuguzi wa zahanati naye huja kabla ya msimu wa mvua kuzungumza na akina mama faragha. "Mficha uchi hazai," huwaambia, kisha huwaeleza kuwa tatizo hilo lina mazoezi na lina matibabu. Wengi wamekwenda kumwona. Dada Mkubwa pia alikwenda, lakini hayo ni yake.

Jioni ya kuamkia zoezi hili, mwandishi alimfuata Dada Mkubwa kwenye nyumba mpya ambayo fundi mwashi na vijana wa mtaa walimjengea kwenye kiwanja kile kile, kwa kuwa kingine hana. Mlango ameupaka buluu tena. Alikuwa akipiga pasi shati la shule. Alipoulizwa kama yuko tayari habari yake iandikwe, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Andika. Mtaa mzima umesikia, gazeti litanifanya nini tena?"

Kuhusu mdogo wake alichukua muda kujibu. Aligeuza kola ya shati, akaipiga pasi upande wa ndani, akaigeuza tena.

"Watu wanadhani nimekasirika kwa ajili ya mkojo. Mkojo tuko wengi. Nilimwambia yule akiwa mdogo wangu, sikumwambia akiwa serikali. Najua hakukusudia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

Na kesho utahama? Dada Mkubwa alining'iniza shati kwenye msumari. "Kesho wewe njoo uone," akasema.

Na sasa ndiyo hiyo kesho. Mama Spika amemaliza nyumba zote. Mtaa umebaki mtupu, mbwa mmoja tu anazunguka akijiuliza. Anaiegemeza baiskeli ukutani, anakizima kipaza sauti, anakitoa kabisa kwenye kola na kukiweka kapuni. Anakwenda kwenye mlango wa buluu kwa miguu.

"Dada, hodi." Anagonga. "Dada."

Anasukuma mlango, hausogei. Anachungulia dirishani, pazia limeshushwa. Anashika kitasa, anakitikisa. Hapo ndipo anapoona kufuli, iko chini zaidi kuliko alivyotazamia. Mlango umefungwa kwa nje.

Anakokota baiskeli kupanda mlima. Njiani, akiulizwa ana mpango gani mvua zikianza, anajibu kwa mkato, pumzi zikimpaa. Ofisi imemwomba awafundishe watangazaji wa mitaa mingine iliyo kando ya mto, na amekubali. Somo la kwanza ni kuzima. La pili, kabla hujamwambia mtu ahame, kaa naye umuulize huko anakokwenda kuna nini asichokitaka. Anataka kila mtaa wa mtoni uwe na mtu wake wa kuuliza hivyo, hata kama hana baiskeli.

Uwanja wa shule umejaa. Fundi mwashi ameshawapanga wanaume kwenye darasa la mwisho na kuku wake amefungwa mguuni mwa dawati. Mbele ya vyoo vipya vya wanawake amesimama Dada Mkubwa, mikono kiunoni, kifurushi cha nguo za wateja kikiwa miguuni pake. Kumbe alipanda hata kabla spika haijawashwa.

Mama Spika anasimama hatua chache kutoka kwake.

"Vimefungwa," anasema Dada Mkubwa. Anaugonga mlango wa choo kwa ngumi kuonyesha. "Wamejenga vizuri, wameweka taa, wamefunga, na ufunguo kaondoka nao mwalimu mkuu nyumbani kwake. Maji yangekuwa yamekuja kweli, tungefanyaje?"

"Nitamtuma mtu, dada. Nitamnong'oneza mwalimu—"

"Umnong'oneze nini? Kiko wapi hicho kitu chako?"

Mama Spika anaingiza mkono kapuni, anakitoa kipaza sauti, anakibana kwenye kola. Kinateleza, hakibani. Dada Mkubwa anamsogelea, anamwondoa mikono kama anavyomwondoa mtoto kwenye pasi ya moto, anakibana mwenyewe na kuinyoosha ile kola ikae sawa.

"Sema wanawake wa bondeni wanataka ufunguo wa choo chao," anamwambia. "Tangaza, mdogo wangu. Mtaa wote usikie."